Nusu Ekari

Mulama, barua yako nimeisoma mara mbili.
Karatasi nzito, nembo ya dhahabu, "tunayo furaha,"
kama niliyoandikiwa mimi
mwaka ule kiwanda cha sukari kilipoacha kutoa moshi.
Unauliza, inafaa?
Umesimama mlangoni, viatu mkononi,
matope ya Matungu hadi magotini.
Ingia. Sakafu ni ya kusafishwa.

Mimi walinilipia karo na kitanda.
Hawakulipia nauli, wala koti,
wala zile pesa za kuonyesha ubalozini
ili waamini hatukuwa maskini kiasi tulivyokuwa.
Baba akamwita Osundwa, wakapima kwa hatua,
kutoka isale hadi isale,
ekari moja, na miwa yake imesimama.
Jumapili mchungaji alitamka jina la chuo
polepole, kama anayevuka daraja la miti,
na wote wakaitikia amina,
hata wasiojua kiko nchi gani.

Huko nilijifunza hesabu zisizo na namba.
Nilijifunza kucheka sekunde moja baada ya wengine.
Mwenzangu wa chumbani, ambaye jina la babu yake
liko ukutani penye bwawa la kuogelea,
aliniuliza shamba letu lina farasi wangapi.
Nikasema, mmoja, amezeeka.
Usicheke. Nilimpa hata jina.

Sitakudanganya kuhusu kazi.
Miezi kumi na minne nilikaa hapa,
shahada ndani ya mfuko wa plastiki,
huku binamu yangu Wetende, fundi wa mabomba,
akijenga vyumba vya kupangisha pale Ekero,
vitano, maji ndani.
Mama hakusema neno. Alinipa jembe.
Sasa niko Kisumu, kazi nzuri, ndiyo.
Bosi aliniajiri kabla sijaketi, alipoona jina la chuo.
Hakuuliza ninajua nini.
Hilo nalo liweke akilini.

Lakini nililotaka kukuambia ni hili.
Baba alipofariki tulifungua sanduku lake la bati.
Chini ya risiti za miwa ambayo haikulipwa
kulikuwa na hati ya mauzo, Kiingereza kitupu,
na kidole gumba cha baba, buluu, kimeteleza kidogo.
Nikasoma. Vipimo kwa mita, pembe kwa pembe.
Nikazidisha kichwani, kisha kwa kalamu,
kisha nikatoka nje na kamba.
Ekari moja na nusu.

Baba aliuza moja, akatia kidole kwa moja na nusu,
na nyumba nzima hapakuwa na wa kumsomea.
Mimi nilikuwa Nairobi, kwenye foleni ya viza.

Mama nilipomwambia aliendelea kuchambua mrenda.
"Kwa hiyo nusu hiyo," akasema,
"ndiyo iliyokufundisha kuiona?"
Sikujua kama ananilaumu. Mpaka leo sijui.
Osundwa naye hajui kusoma.
Karani aliyeipiga taipu alishakufa.
Kila Krismasi Osundwa hutuletea kuku,
na mwaka huu sijui nitampokea kwa mkono upi.

Basi usiniulize mimi kama inafaa.
Kamwulize baba yako atauza nini.
Na kabla hajatia kidole, niite,
hata iwe usiku wa manane;
nitapanda gari la kwanza kutoka Kisumu.
Nitaisoma hiyo karatasi kwa sauti, kwa Kiwanga,
sentensi kwa sentensi,
mbele ya mnunuzi na mbele ya mama yako,
na tutapima kwa kamba, si kwa hatua.
Hilo naliweza.
Mengine, ndugu yangu, bado nayazidisha.

Vaa viatu. Mvua imekatika.
Barua usiikunje, itavunjika hapo kwenye nembo.